Ubeti wa Solange

Murara, Goma

Mama yangu mupenzi,

Jambo sana. Goti linakuacha ulale? Baba angali anakohoa? Sisi huku tunapumua, watoto wanakula, lakini roho yangu iko juu juu tangu bunduki zianze kulia upande wa Kibati. Solange alienda kule kumutazama mama mukwe wake mugonjwa, na sasa simu yake haipiti.

Unakumbuka tulivyokuwa watatu, miye, Solange na Noela, tukiimba Kiebrania? Padri mumoja aliyesoma Yerusalemu alitufundisha zaburi, sisi tukazitia gitari na mwendo wa kucheza. Hata kwenye ndoa za watu wasiosali walituita. Wewe ulisema angalau Mungu anasikia, maana wengine hatusikii kitu. Mwaka haukuisha, mulima wa volkano ukatapika, moto ukamukuta Noela ndani ya nyumba. Tuliobaki tuliimba mara moja tu, kwenye matanga yake. Ubeti wake tuliuacha wazi: gitari inapigwa, sisi kimya. Kundi letu likaishia pale.

Lakini ile desturi haikuisha, Mama. Leo kila korale ya kanisa hapa Murara inafanya hivyo, hata vijana ambao hawakutuona. Muimbaji akifa, ubeti wake unaachwa wazi.

Basi juzi kwenye mazoezi, papa Déo, muzee anayeongoza korale ninayoimba na Solange sasa, akaniambia polepole: "Nabintu, kwenye misa tumuachie Solange ubeti wake. Wiki ya pili hii hatumusikii."

Nikamujibu: "Ni wewe ulimuzika?"

Hakukasirika, na hilo ndilo liliniogopesha zaidi.

Siku ya misa, gitari ilipofika kwenye ubeti wa Solange, wote wakafunga midomo. Nikaimba peke yangu. Sauti yake ni ya juu, yangu haifiki, ikakatika vibaya, watoto wakacheka. Niliimba mpaka mwisho. Lakini Mama, hata miye sijui kama yuko muzima.

Barua hii nampa jirani anayepanda boti kesho, njia ya Sake haipitiki. Umusalimie baba, shangazi muuza samaki wadogo wa sambaza, na dada yangu mukubwa na mutoto wake mupya. Jioni mukisali rozari, musimutaje Solange pamoja na marehemu. Mumuweke kwa wazima.

Ni miye, mutoto wa tumbo lako,
Nabintu