Nyumba Waliyoikuta Tupu

Akinyi, nyakwara, mjukuu wangu,

Huku Ndhiwa tu wazima, na dada yako amejifungua msichana. Umeniuliza utamjuaje mwandishi wa Kirusi anayesema kweli, maana wengine walisifu vita vya jeshi lao katika nchi za watu na wengine wakavilaani.

Nilipokuwa msichana nilimsomea baba yangu hadithi ya Kirusi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Askari walikuwa ugenini, wamelala katika nyumba waliyoikuta tupu. Baba, ambaye Waingereza walimpeleka vitani Burma na hakuwahi kutusimulia, alininyang'anya kitabu.

"Wenye nyumba walienda wapi?" akafoka. "Muulize huyo Mrusi!"

Mama aliacha kuchambua dagaa wa omena. Niliogopa, lakini nilikichukua tena kitabu nikaendelea kusoma. Mwandishi alisema mekoni kulikuwa na chungu, na supu ndani yake ilikuwa bado moto.

Baba aliketi polepole.

"Huyo Mrusi alikuwepo," akasema. Hakutaka niendelee.

Basi wasome wote, mama, wanaosifu na wanaolaani. Kila mmoja mwangalie kama alikiona chungu cha wenye nyumba.

Ni mimi nyanya yako, ninayekuombea.