Hitima ya Mdogo Wangu

Mjukuu wangu Mariamu, salamu zetu za Kasongo zikukute mzima huko Kabambare. Kifua cha bibi yako kimepona, na mpunga umetoa vizuri.

Unaniuliza kama wivu juu ya dada yako utakutoka. Mimi nami niliuona, juu ya mdogo wangu Sefu. Tulianza chuo cha Kurani siku moja, lakini yeye alihitimu kabla yangu. Siku ya hitima yake, ya kumalizia Kurani mbele ya watu, mji ulijaa uwanjani kwa msikiti: wafua chuma, wachukuzi, hata wazee wa kabila la Kizimba waliosilimu juzi. Mama alikuwa amemshonea kanzu mpya. Mimi nilikaa nyuma yake, moyo unawaka, nikimwomba Mungu mdogo wangu akwame.

Akakwama kweli. Sauti ilikatika katikati ya aya, mwalimu akainua macho. Sefu akarudia mwanzo wa aya, akakwama tena. Aya ile niliijua. Nikamnong'oneza neno moja, naye akaendelea hadi mwisho.

Wakambeba mabegani na dufu likipigwa, mama anapiga vigelegele. Hakuna aliyenitazama. Wivu ukazidi.

Jioni Sefu alinifuata nyuma ya nyumba na sahani ya wali wa sherehe.

"Kula, kaka."

"Ni wako huo."

"Pale uwanjani tulikuwa wawili," akasema, akaketi karibu yangu.

Nilikula naye, na wivu wangu ungali ndani. Wali ulikuwa mtamu.

Msalimie dada yako.

Babu yako, Juma