Mbona Wote Mmejibu Nne?

Kasoli, 6 Julai 2025

Binti yangu Scola,

Mwangaluka mayu. Sisi wazima, ng'ombe wazima, mguu wa mama yako umepona. Madodoso yako ya chuo nimeyajaza, picha nimekutumia. Niliita kaya zote, wake kwa waume, tukabishana mpaka tukakubaliana. Maliza digrii hiyo urudi.

Baba yako, Masunga

Dodoma, 9 Julai

Shikamoo baba. Mimi mzima wa mwili tu, kichwa kinawaka.

Jamani, mmekubaliana? Moja ni hapana kabisa, tano ni ndiyo kabisa, na kijiji kizima mmejibu nne kila swali! Baba, imani ya watu kwa mwenye kaya haiwekwi kwenye mzani kama pamba. Kompyuta inaitafuta kwenye majibu yanayopanda na kushuka pamoja: anayesema anashirikishwa kabla ya pamba kuuzwa, ndiye pia anayesema anaambiwa bei ya kweli? Inakisia nguvu ya kila uhusiano, inalinganisha na majibu yenu, inarekebisha, inarudia, mpaka tofauti iwe ndogo kabisa. Sasa wote nne! Kitapanda nini, kitashuka nini? Imegoma. Nisipoleta matokeo kabla mwezi huu haujaisha, chuo kinanifuta. Nakuomba uzunguke nyumba kwa nyumba, mmoja mmoja, faragha. Na usiwapatanishe!

Binti yako, Scola

Kasoli, 11 Julai

Mayu, hujambo? Mimi nina hasira. Nimepatanisha watu hapa miaka yote, leo unataka wapishane? Elimu gani hii inayokula ugomvi? Haya, nitazunguka.

Baba yako

Dodoma, 22 Julai

Shikamoo baba. Simu hupokei, mama anasema unashinda zizini, hata chai hutaki. Kuna nini tena? Majibu ya wengine yamefika, kompyuta imekubali kuhesabu. Bado ya nyumbani kwetu tu. Jamani baba, siku zinaisha!

Scola

Kasoli, 25 Julai

Mwadila mayu. Afya ipo.

Kwa jirani yetu Machibya, mkewe alisema mbili. Nikamcheka Machibya moyoni. Nikaja nyumbani, mama yako anapepeta mchele. Nikamsomea: mwenye kaya hunishirikisha kabla ya kuuza pamba. Akasema moja. Nikadhani ananitania, nikarudia. Moja. Nikamuuliza, mbona mkutanoni ulisema nne? Akasema, "Nne uliitaja wewe, Masunga. Sisi tuliitikia."

Iliniuma, mayu, sikufichi. Nimekutumia kama alivyosema, sikubadilisha kitu.

Pamba bado iko ndani. Wenzangu wote wamekwishauza. Nimemwambia sipeleki mpaka aseme yeye, naye ananiangalia tu, kama mtu anayengoja nimalize utani.

Baba yako, Masunga