Baiskeli ya Mwalimu na Vidole Vyangu Vitatu

Jumapili, saa tisa mchana. Hapa Kitengela kuna upepo tangu asubuhi, ule wa vumbi unaoingia hata kwenye sufuria iliyofunikwa. Nimefua nguo zangu za kazi na zimekauka zikiwa na rangi ya udongo, kama za mtu ambaye hakufua. Mgongo unauma upande wa kushoto. Nimejilaza na simu iko juu ya kifua, naandika kwa kidole kimoja.

Jana nilidanganya mtu mzuri.

Wacha niandike hivyo kwanza, kabla sijaanza kutafuta maneno ya kujitetea.

Kwa wiki saba sasa, mimi na Lemayian tunafanya kazi kwenye gari moja tu hapa yadi. Lilikuwa minibasi ya kubeba watoto wa shule. Sasa lina kitanda, jiko la gesi, sinki, mapazia ya maua na sola juu ya paa. Wenyewe ni Mwalimu na mume wake, Mzee Njoroge. Wamestaafu na wanataka kuzunguka Kenya wakilala humo ndani. Lemayian anapaka rangi. Mimi nachomelea vyuma. Kwa kawaida fundi mkuu anapima na mimi nachoma, lakini kuna kazi moja aliniachia mwanzo hadi mwisho: chuma cha kubebea baiskeli, kile kinachokaa nyuma ya gari. Alisema, "Barasa, wewe ni mtu wa baiskeli. Hiyo ni yako."

Ni kweli. Kabla pikipiki hazijajaa kila kona, nilibeba watu kwa baiskeli miaka tisa kule Nambale. Nilikuwa na Black Mamba, ile nyeusi nzito, yenye keria niliyoshonea mto wa sponji na kuuzungushia nyuzi nyekundu. Shule niliachia darasa la saba, lakini baiskeli niliisomea mpaka mwisho. Kwetu hatukupima tairi kwa tepu. Unaweka vidole vitatu juu yake, vikitosha, hiyo ni tairi ya kazi.

Basi nilikata ile mifereji miwili ya chuma ambamo magurudumu yanasimama, nikapima kwa vidole vitatu, nikachomelea, nikapiga msasa. Sikuuliza ni baiskeli gani itanunuliwa. Kichwani mwangu baiskeli ni moja.

Hilo ndilo kosa la kwanza. La pili ni baya zaidi.

Mwalimu anataka baiskeli ya umeme kwa sababu moja. Shule ya kwanza aliyofundisha akiwa msichana iko ndani huko mbele ya Bisil, ng'ambo ya mto mkavu wenye mchanga mwingi. Hilo gari haliwezi kuvuka. Siku zile alikuwa akivuka na baiskeli yake mwenyewe, sketi ameikunja, vitabu viko kwenye keria. Sasa goti moja limechoka. Mzee alimwambia atatafuta mtu wa pikipiki amvushe. Mwalimu akakataa. "Nataka nifike kwa lango nikiendesha mwenyewe. Sitaki kufikishwa kama mzigo."

Jana muuzaji alituazima baiskeli mbili tuzijaribu. Mimi, Lemayian, Mwalimu na Mzee Njoroge tulizipakia ndani ya gari katikati ya kitanda na jiko, kwa sababu rangi ya chuma changu ilikuwa haijakauka, tukapita Kisaju, tukapita Kajiado mjini, na baada ya Bisil tukaacha lami. Tulisimama kabla ya mto. Mwalimu hakutaka kuvuka. Alisema hawezi kurudi kwa shule yake na kitu cha kuazima.

Baiskeli moja ni ndogo, ya kukunja. Ni nyepesi, naiinua kwa mkono mmoja. Mzee Njoroge aliipenda papo hapo. Ile nyingine ina matairi manono na fremu iliyoshuka chini katikati, mtu mwenye goti bovu anaingia tu bila kurusha mguu. Ina keria ya maana. Lakini ni nzito. Lemayian alipoishusha alisema inakataa kama mbuzi aliyejua anapelekwa sokoni.

Kulikuwa na mzee mmoja na mbuzi zake kando ya mto. Alisalimia kwa Kimaasai, "Supa," Lemayian akaitikia, kisha yule mzee akazunguka ile baiskeli nene mara mbili akiikagua kama ng'ombe wa mtu.

"Hii inakula nini?"

"Stima," Lemayian akamwambia.

"Huku hatuna stima. Itakufa njaa."

"Inanyonya kwa jua. Ona huko juu ya gari."

"Na wakati wa mvua?"

"Wakati wa mvua inafunga, kama wewe ukikosa maziwa."

Yule mzee wa mbuzi alicheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili.

Nilijaribu ile ndogo kwanza. Kwenye mchanga gurudumu la mbele lilizama, likageuka lenyewe, na nikaweka mguu chini haraka. Kwa mbali nadhani walifikiri nimesimama tu. Nikarudi, nikachukua ile nene. Ilipita juu ya mchanga taratibu bila kuyumba. Ng'ambo kuna kamlima. Nikakanyaga, na mota ikashika.

Hapo ndipo nilipata shida ya moyo.

Kwetu kuna mlima kabla ya kuingia soko la Nambale. Ilikuwa desturi, mkifika hapo abiria anashuka anatembea, dereva anasukuma. Siku ya kwanza nilipombeba Nekesa, kabla hajawa mke wangu, alishika springi za kiti ili asinishike mimi. Tulipofika mlimani nikamwambia ashuke. Akashuka, lakini akasema nisishuke mimi. Akaweka mkono mgongoni mwangu, chini kidogo ya bega, akanisukuma mpaka juu huku watu wanatutazama na kupiga mbinja. Tangu siku hiyo hatukupanda ule mlima kwa njia nyingine.

Mota ya ile baiskeli inasukuma hivyohivyo. Haikuvuti kama pikipiki. Unakanyaga wewe, na kuna mtu nyuma.

Niligeuka nikaangalia. Mtu mzima wa miaka arobaini na moja, ng'ambo ya Bisil, nageuka kuangalia kama mke wangu yuko nyuma. Ni mwaka wa pili sasa sijafika nyumbani.

Niliporudi nilikuwa nimeshaamua. Ni ile nene, hakuna maneno. Nikaiinua niipandishe kwenye chuma changu, wengine wakiwa bado wanaongea na yule mzee. Tairi likakataa. Lilikaa juu ya mfereji kama mtu mnene kwenye kiti cha nasari.

Vidole vitatu. Tairi lile ni la mkono mzima.

Lemayian peke yake ndiye aliona. Niliishusha haraka nikaiegemeza kando.

Mwalimu akaja. "Haya, Barasa. Wewe ndiye unajua. Tuchukue gani?"

Nilifikiria fundi mkuu, na ile kazi ya kwanza niliyopewa bila kusimamiwa. Mdomo ukasema, "Hii ndogo, Mwalimu."

"Hata kwa mchanga?"

"Hata kwa mchanga."

Mzee Njoroge akafurahi, akasema Jumatatu anaenda kuichukua. Mwalimu aliangalia mto kidogo, kisha akanishukuru. Alinishukuru!

Tukirudi, tulikaa nyuma na Lemayian karibu na sinki. Tulipofika Kajiado akaniuliza polepole, "Mkhwasi, baiskeli umemchagulia Mwalimu, ama umechagulia chuma yako?"

Hilo neno "mkhwasi" nilimfundisha mimi. Ndivyo tunavyoitana kwetu na watu wa kutaniana. Jana halikuwa utani.

Leo asubuhi nilienda kanisani na sikusikia mahubiri. Kila mara nilikuwa naona lile gurudumu dogo likigeuka kwenye mchanga, na juu yake si mimi. Ni mama wa miaka sitini na nane mwenye goti moja.

Nilipotoka nikampigia. Nilimwambia yote, hata habari ya vidole.

"Ningeanguka?"

"Ungeanguka, Mwalimu."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

Akashusha pumzi. "Barasa, nimesahihisha vitabu maisha yangu yote. Mtoto akija mwenyewe kuniambia amekosea, simchapi. Lakini anaandika tena ukurasa wote."

Nikamwambia pia kwamba ile nene ni nzito, hataweza kuiinua, Mzee naye hataweza kila siku, kwa hivyo nitawawekea njia ya chuma ya kukunja, waipandishe kwa kuisukuma. Akauliza nitaipima na nini. Nikasema na tepu. Akacheka kidogo. Hakucheka sana.

Fundi mkuu hajui bado. Nitamwambia kesho kabla hajanywa chai, ili nisipate nafasi ya kubadilisha nia. Anaweza kunirudisha kwa kubeba vyuma tu. Sawa. Mgongo utauma, lakini moyo hautauma.

Saa nane nilimpigia Nekesa. Nilimwambia habari ya baiskeli inayopanda mlima na mtu bila kusukumwa. Alisikiliza, kisha akasema, "Basi mimi sina kazi tena."

Nilisema mtandao ni mbaya, nikakata simu. Mtandao ulikuwa mzuri.

Ile Black Mamba niliiuza nilipokuja huku. Nilitoa ule mto wa keria kabla ya kuiuza, sijui kwa nini. Uko chini ya kitanda hiki, nyuzi nyekundu zimekuwa kahawia. Nimeutoa sasa hivi na kuupiga vumbi.

Kesho, nikishamwambia fundi, naanza kukata mifereji ile. Nikimaliza, nampigia Nekesa tena nimwambie kule kwenye kamlima niligeuka kumtafuta.