Mguu au Gauni

Jumamosi, 4 Machi

Mwezi wa kwanza wa ndoa unaisha, na bado nikiamka namtazama kwanza kama kweli yupo. Jioni tumetembea mjini. Kwenye kila duka la nguo laazizi wangu anasimama, anatazama magauni kupitia kioo. Ananichagulia! Wifi kacheka: kaka yake hajawahi kutazama gauni tangu azaliwe, labda nimemroga.

Jumatano, 8 Machi

Si magauni. Ni mguu. Leo kakaa ghafla kwenye ngazi, kashika kigimbi. Akitembea kidogo kinakaza kama kimefungwa kamba, ndipo husimama dukani nisijue. Nimelia, kisha nikambusu. Sasa hanyanyuki. Maji, viatu, chakula — naleta mimi.

Jumatatu, 20 Machi

Kumbe namuua kwa mapenzi.

Daktari, mama mkali, kaniuliza nimeolewa na mume au na mto. Mshipa wa paja umeziba: sigara, na kushinda kitini akitengeneza saa za watu. Kisha akatuchorea seli. Mitokondria! Nilizikariri shuleni, viwanda vya nguvu, nikafaulu, nikasahau. Kumbe zimo hata kwenye kuta za mishipa. Moshi unaziharibu, ukuta unakakamaa. Lakini msuli ukifanyishwa kazi, zenyewe husaidia kupeleka habari kwamba damu haitoshi, na vimishipa vipya huchipua pembeni. Kwa hiyo atembee mpaka asikie maumivu, apumzike, atembee tena. Sigara basi. Wakipima mwezi wa sita na hakuna nafuu, kisu.

Kisu hakitamgusa mume wangu.

Alhamisi, 6 Aprili

Bila sigara amekuwa pilipili. Jana kagombana na saa ya ukutani. Maji anajichotea. Mama mkwe kauliza, mke gani huyu, mgonjwa anajihudumia? Nikamwambia, "Mama, nampenda, ndiyo maana." Kaguna.

Leo tumelipita duka la kwanza. La pili. La tatu kasimama.

"Mguu au gauni?"

"Gauni," kasema, kaegemea nguzo, jasho puani.

Haya. Nikaingia kulijaribu. Nikafunga vifungo kimoja kimoja, nikafungua, nikafunga tena, mguu upoe. Muuzaji kauliza kama limenikaa. Nikachungulia nje — nguzoni hakuna mtu. Laazizi yuko kule, karibu na duka la nne, anachechemea, hageuki nyuma. Na mimi nimo ndani ya gauni la watu.