Mkeka kwenye Nafasi ya Gari

Kampala, Jumapili, Agosti 1976. Miaka kumi na miwili tangu niondoke Bukavu, na mpwa wangu ameniandikia tena: nyumba ya babu ipo, njoo uzeekee kwenu. Sijajua nimjibu nini.

Jioni nilikwenda sinema ya magari. Petroli imeadimika, kwa hiyo magari yalikuwa manne tu. Sisi wengine tulikuja kwa miguu, na Mama Zaituni, mkata tiketi, Mnubi jirani yangu wa Kisenyi, akatugawia nafasi za magari: familia moja kwa nguzo moja, spika ikining'inia juu ya mkeka.

"Egesha vizuri, mzee," aliniambia. "Umemziba mwenzako."

Picha ilipoanza likaingia gari la mwanajeshi, na taa zake kali zikaifuta picha yote ukutani. Hakuna aliyekohoa. Watu wamepotea kwa makosa madogo kuliko kumkosoa askari. Nilitaka kumzuia Mama Zaituni, nikachelewa; alishagonga kioo.

"Afande, zima taa, baba. Hawa wenye mikeka wameshazima zao."



Kisha yule mtu akacheka, akazima, akauliza spika yake iko wapi.

Hapa ninaogopa kila siku, sijidanganyi. Lakini sijaona popote ujasiri wenye adabu kama ule, na ningependa kuzeeka karibu nao. Kesho nitamjibu mpwa wangu kwa upole. Bukavu sitarudi.