Kukubali Mara ya Kwanza

Kashan, 8 Aban

Baba mpenzi,

Salamu nyingi. Mgongo unaendeleaje na joto la huko kwenye mitambo ya gesi? Sisi wazima. Mama anasema hatakusalimu mpaka umwandikie.

Najua unataka nihamie mkondo wa hesabu kabla mwezi haujaisha. Lakini sosholojia imeniingia damuni, Baba! Mwalimu wetu, Bibi Sotude, ametupa zoezi: wiki nzima, mtu akikwambia neno la adabu, lichukue kama lilivyo, kisha uandike kinachotokea. Jana nilimuuliza Agha Morad, mwokaji wa mtaani kwetu, bei ya mkate. Akajibu kwa adabu, kama anavyomjibu kila mteja kabla ya kulipwa, "Aa, si kitu, chukua tu mwanangu." Nikasema ahsante, nikaondoka nao. Alinikimbiza mpaka kona, unga mikononi: "We binti! Umelelewa wapi?"

Bintiyo,
Mahrokh

Asaluye, 15 Aban

Mahrokh mwanangu,

Salamu. Mgongo upo, haujaniua. Umeniaibisha! Mlipe mzee wa watu. Hiyo sosholojia yenu inafundisha utovu wa adabu? Haijengi hata choo. Nitampigia simu mwalimu wako mwenyewe, na utahamia hesabu. Nimemaliza.

Baba yako

Kashan, 22 Aban

Baba,

Salamu na heshima. Natumaini hasira hazijakupandisha presha. Agha Morad nimemlipa, na nilipomweleza alicheka mpaka akakaa chini.

Ulipopiga simu nilikuwa mlangoni pa ofisi ya Bibi Sotude. Sauti yako ilisikika mpaka nje. Mkasalimiana weee, ukaulizia hata wazazi wake. Halafu akakuuliza, "Basi, nimhamishe?" Nawe ukasema, "Bibi, mimi nani mbele yako? Mtoto ni wako, uamuzi ni wako."

"Ahsante sana. Basi atabaki." Akakata simu.

Mwalimu naye alikuwa anafanya zoezi, Baba! Nimeruka-ruka uwanja mzima. Lakini sitaki kusoma kwa sababu tu ulikuwa mpole kwenye simu. Ukiniandikia kwamba ulimaanisha hapana, nitahama.

Bintiyo,
Mahrokh

Asaluye, 18 Azar

Mahrokh,

Salamu. Nimechelewa kwa kuwa kila nikiandika nachana. Niliwasimulia wenzangu, sasa bweni zima linanicheza shere: nikisema "karibu chakula changu," mtu anabeba sahani! Nimelala njaa huku nacheka.

Sasa sikiliza, hapa hakuna adabu ya simu: soma sosholojia. Najivunia wewe mpaka kifua kinauma.

Baba yako

Kashan, 25 Azar

Baba,

Salamu. Mama amelia, anasema ni vitunguu. Kwa desturi yetu, binti aliyelelewa vizuri angekataa mara mbili kwanza.

Nimekubali.

Bintiyo